Programu kumi na nne kwenye simu ya mama

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko Tanga, nina watoto wawili: Rayyan wa miaka 3 na nusu, na mdogo wake wa miezi 20. Kwenye simu yangu nimepakua programu 14 za watoto, zote zimeandikwa ni za elimu. Rayyan anaimba herufi zote na anajua rangi kwa Kiingereza, nikawa nimefurahi. Lakini nikimnyang'anya simu ni kilio mpaka jirani anachungulia. Na majuzi nilimuuliza vikombe vilivyoko mezani ni vingapi, akaanza kuimba "wani, tuu, thrii" mpaka "teni" bila kugusa hata kikombe kimoja. Mdogo naye ameanza kuidai simu. Jirani ananishauri ninunue ile ya kulipia kila mwezi, anasema za bure hazina maana. Nichagueje? – Mama Rayyan

Marahaba, Mama Rayyan.

Nusu ya jibu umeitoa mwenyewe kwenye hadithi ya vikombe. Mtoto anayetiririsha namba mpaka kumi bila kugusa kikombe ameshika wimbo, kuhesabu bado. Kuhesabu ni kujua kwamba kila kikombe kinatajwa mara moja tu, na kwamba namba uliyoishia ndiyo idadi ya vyote. Hilo mtoto hulipata kwa vidole, akishika vitu na kuvihamisha. Basi kipimo changu kwa hizo programu 14 kitakuwa hicho hicho cha vikombe: simu ikishazimwa, kuna kitu gani Rayyan anaweza kukifanya mezani, uani au dukani kwa Mangi ambacho wiki iliyopita hakukiweza?

Nimefundisha darasa la awali miaka mingi, sasa nafundisha walimu wake, na tangu simu janja ziingie majumbani swali lako ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Niliwahi kuulizwa msibani, nimeshika sahani ya pilau.

Nianze na mdogo, kwa kuwa jibu lake ni fupi: wa miezi 20 hahitaji programu hata moja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Aprili 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 asikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni kabisa, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo ule unaangalia zaidi mwili: kukaa kitako muda mrefu, usingizi, kukosa kucheza. Mimi nina sababu nyingine, ya kimasomo. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Georgene Troseth na Judy DeLoache, walificha mdoli chumbani huku watoto wa miaka 2 wakitazama. Waliotazama kupitia dirishani waliingia wakamfuata pale pale alipofichwa. Waliotazama tukio lile lile kwenye televisheni, wengi wao waliingia wakaanza kupapasa ovyo. Walichokiona ni kimoja, lakini kilichoonekana kwenye kioo hawakukichukulia kuwa kimetokea ndani ya chumba kile. Watoto wa miaka 2 na nusu, tofauti ya miezi sita tu, walifanya vizuri zaidi.

Kwa hiyo mdogo wako akionyeshwa mbuzi kwenye simu anapata rangi na mlio. Mbuzi wa mtaani kwenu, mwenye harufu, anayetafuna maboksi ya jirani, ni habari nyingine kabisa kichwani mwake. Mtoe nje akamwone.

Kuna ruhusa moja. Watu wa Tanga wengi mna bibi au shangazi Muscat, na akipiga simu ya video mtoto aongee naye bila wasiwasi. Utafiti wa mwaka 2014 uliwafundisha watoto wa miezi 24 hadi 30 vitenzi vipya. Waliofundishwa na mtu aliyekuwa anawaona na kuwajibu kupitia simu ya video walivishika, kama wale waliofundishwa ana kwa ana. Walioonyeshwa video iliyorekodiwa hawakuvishika. Kilicholeta tofauti ni kujibiwa. Shangazi akiuliza "umekula nini?", akangoja, akasikia "wai", akasema "aah, wali! na samaki?", hapo kuna somo. Lishike neno hilo, kujibiwa, litakufaa kwa Rayyan pia.

Sasa twende kwa Rayyan. Neno "elimu" kwenye duka la programu halina mlinzi. Mtengenezaji ndiye anayejaza fomu, na ndiye anayechagua rafu ya kuweka bidhaa yake, sawa na mwenye genge anayebandika karatasi ya "asali mbichi" kwenye chupa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipekua programu 135 za watoto wasiozidi miaka 5, wakachapisha matokeo mwaka 2018: programu 129, yaani asilimia 95, zilikuwa na matangazo ya aina fulani. Mengine yalikatiza mchezo. Mengine yalijificha kwa kuvaa sura ya mchezo wenyewe. Na kulikuwa na mahali ambapo mhusika wa katuni alitoa machozi mtoto alipofunga dirisha la kununua. Mtoto wa miaka 3 hajui kwamba yale ni biashara. Anajua amemliza mtu.

Google ilianza mwaka 2020 kuweka alama kwenye programu za watoto zilizopitiwa na walimu, na Apple ina rafu yake ya watoto tangu 2013. Vyote viwili vinapunguza takataka. Lakini walimu hao hawamjui Rayyan, wala hawakukaa kuuliza kama programu inazungumza lugha ya nyumbani kwake.

Kwa hiyo mkaguzi ni wewe. Usiku, watoto wakishalala, weka simu kwenye hali ya ndege kisha fungua programu hizo moja baada ya nyingine. Zitakazogoma kufunguka, zikidai intaneti, zitoe. (Chache ni za kweli na zinataka tu masomo yapakuliwe kwanza, hizo zipe nafasi ya pili, masomo yakishaingia.) Zitakazofunguka zikafanya kazi hivyo hivyo bila intaneti, mtoto akizicheza simu ikiwa kwenye hali hiyo, haziwezi kuvuta matangazo mapya, haziwezi kumtupa mtoto kwenye video za ajabu, na bando lako litapona. Nimelifanya zoezi hili na wazazi mara nyingi, na orodha ndefu hufupika hapo hapo kabla hatujazungumza habari ya elimu.

Zilizobaki, zicheze mwenyewe dakika kumi kila moja. Usizicheze kama mtu mzima anayetafuta jibu. Cheza kama mtoto mtundu: kosea makusudi, na ukosee mara nyingi. Mzazi mmoja aliniletea programu ya herufi akiwa na huzuni kabisa. Mwanawe wa miaka 4 alikuwa anajua herufi vizuri, halafu ghafla kwa wiki nzima akawa anakosea kila swali, mama akaanza kufikiria hospitali. Nikaicheza. Ukipatia, nyota ndogo inawaka pembeni, basi. Ukikosea, chura anatumbukia kisimani kwa kishindo, maji yanaruka kioo kizima, na chura anaibuka amevaa jani kichwani. Mtoto hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa anamtumbukiza chura.

Baada ya hapo bofya ovyo, kila mahali, bila kusikiliza. Kama programu itaendelea mbele tu hata ukibofya kwa kiwiko, mtoto atajifunza kubofya kwa kiwiko. Nzuri hukurudisha: ukikosea mara ya pili inarudia swali polepole, au inapunguza majibu kutoka manne hadi mawili, ili mtoto apate njia ya kufikiri. Halafu pima ukimya. Programu ikiuliza swali, hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Nyingi haziwezi kungoja. Ukifika mbili tayari kidole cha katuni kimeonyesha jibu. Mtoto wa umri wa Rayyan anahitaji hizo sekunde, kwani ndipo kazi inapofanyika. Ni kama kumwuliza mgeni hujambo kisha ukajibu wewe mwenyewe.

Kathy Hirsh-Pasek wa Chuo Kikuu cha Temple na wenzake waliandika mwaka 2015 kwamba programu humfundisha mtoto ikiwa akili yake inafanya kazi, havurugwi na vikorombwezo vya pembeni, anachojifunza kinaungana na maisha yake, na yupo mtu wa kushirikiana naye. Mawili ya kwanza utayaona kwa kumtumbukiza chura. La nne nitalifikia. La tatu ndilo linaloniuma kwa watoto wetu, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo.

Rayyan ameambiwa kwamba A ni "ei", E ni "ii" na I ni "ai". Siku mwalimu wa Kiswahili akiandika i ubaoni na kuisoma "i", kichwani mwa Rayyan sauti hiyo itakuwa na mwenyewe tayari, naye ni E. Darasani kwangu mtoto mmoja mwerevu sana, aliyelelewa na simu ya baba yake, alisimama kusoma neno la kwanza ubaoni. Neno lilikuwa "baba". Akasoma "beibei". Wenzake wakaangua kicheko, naye akakataa kusoma kwa wiki nzima. Hakukosea, maskini, alisoma sawasawa na alivyofundishwa, ila kwa kanuni za nyumba nyingine.

Na inasikitisha, kwa sababu Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa anayejifunza kusoma. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake ile ile popote uikute. Mtoto akizishika hizo, akajua kuunga ba, be, bi, bo, bu, ndani ya muda mfupi anasoma maneno ambayo hajawahi kuyaona. Programu ya Kiswahili iliyotungwa na mtu anayejua kazi hupita njia hiyo: sauti kwanza, kisha silabi, kisha neno, kisha kitu chenyewe. Iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza utaikamata haraka. Angalia orodha yake ya herufi. Ukikuta Q na X zimetafutiwa picha kwa nguvu, ujue wamebadilisha lebo tu. Kiswahili hakizitumii, na C haitembei bila H. Tafuta kama wana ny, sh na ng'. Sikiliza sauti yao ikitamka "ngoma" kisha "ng'ombe". Sauti za mashine hupenda kuwachinja ng'ombe wetu.

Kisha nenda kwenye hesabu, ukasikilize inavyohesabu vikombe. Inasema "vikombe vitatu" au "kikombe tatu"? Miti mitatu, mayai matatu, ndizi tatu: Rayyan yuko kwenye umri ule ule ambao mtoto anazisuka ngeli kichwani bila kufundishwa na mtu, kwa kusikia tu. Umewahi kumsikia akisema "vigari" au "kiti kangu"? Huko ndiko kupima kwake. Programu iliyogundisha namba moja kwenye kila picha inamsemesha makosa hayo mara hamsini kwa siku, kwa sauti nzuri, pamoja na makofi. Hiyo ifute hata kama picha zake zinapendeza.

Najua unachokiwaza: shule za Kiingereza, usaili wa kuingia, watoto wa wenzio wanaosema "goodi moningi tichaa". Sina ugomvi na Kiingereza. Rangi anazozijua ni mali yake, usimnyang'anye. Ila kila anachokipata kwa Kiingereza kipe mlango wa kuingia nyumbani. Akisema "redi", mwambie ndiyo, nyekundu, kama kanga ya bibi. Tafuta kingine chekundu. Angalia hapo hapo: kanga nyekundu, kitu chekundu, gari jekundu. Hakuna programu niliyoiona inayofanya hivyo. Wewe unafanya ukiwa unakuna nazi.

Kwa kuwa uko Tanga, nadhani umewahi kusikia habari ya vishikwambi vya vijijini. Mashindano ya kutunga programu za kujifunzia, Global Learning XPRIZE, yenye zawadi za dola milioni 15, yalifanyiwa majaribio yake mkoani kwenu, kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali. Watoto karibu 2,700 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, na vijijini kukawekwa vituo vya sola vya kuchajia. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019 Kitkit School na onebillion walitangazwa washindi, wakagawana dola milioni 10.

Nakuambia haya kwa sababu mbili zinazovutana. Kwanza, ni ushahidi kwamba programu iliyotungwa kwa Kiswahili, kwa utaratibu, inaweza kumfikisha mtoto mahali. Pili, watu huutumia ushahidi huo vibaya. Watoto wale walikuwa wa umri wa shule ya msingi, wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga shule, na wengi hawakuwahi kusomewa nyumbani. Rayyan ana miaka 3 na nusu na ana mama anayeandika barua ndefu kuhusu vikombe. Yeye si yule aliyekusudiwa.

Sasa jirani yako na ile ya kulipia. Pesa huondoa matangazo, haileti mwalimu. Khan Academy Kids, iliyoanza mwaka 2018 kwa watoto wa miaka 2 hadi 8, ni ya bure, haina matangazo na haiuzi kitu ndani, na imetungwa vizuri kuliko nyingi za kulipia nilizozijaribu. Kasoro yake kwako ni kwamba ni ya Kiingereza. Kama umeamua Rayyan apate Kiingereza kidogo kwenye simu, basi apatie hapo, nawe ukae ubavuni mwake. Ukishindwa kujizuia ukanunua ile ya jirani, ujue jambo moja linalowaponza wengi: kuifuta programu kwenye simu hakukatishi malipo ya mwezi. Inabidi uingie kwenye akaunti yako ya duka la programu, sehemu ya usajili, uyasitishe huko. Nimekutana na baba aliyelipia miezi saba programu ambayo haikuwepo tena kwenye simu yake.

Kwa Kiswahili, anza na kazi za Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013. Katuni yao ya Akili, mtoto wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ilitengenezwa kwa umri wa Rayyan hasa, na ilipopimwa kwa watoto wa chekechea Morogoro, walioitazama walifanya vizuri zaidi kwenye kuhesabu na kutambua namba na maumbo. Ni ya kutazama zaidi kuliko ya kubofya, na kwangu hilo si dosari. Ile ya Feed the Monster, ambayo zimwi hulishwa herufi na ina toleo la Kiswahili la bure, ni nzuri, lakini iweke kiporo mpaka Rayyan akaribie miaka 5. Leo atamlisha zimwi chochote kilicho karibu. Na kwa ajili yako, si yake, pakua hadithi za African Storybook. Ni za bure, zipo za Kiswahili, zina picha, na hazina sauti wala mchezo, kwa hiyo anayesoma ni mama. Hapo ndipo lile jambo la nne, mtu wa kushirikiana naye, linapotimia bila kulitafuta.

Katika zote, bakiza mbili tu. Hizo nilizozitaja zatosha kujaza nafasi hizo. Lakini programu bora mbili kwa mtoto wa miaka 3 na nusu zilikuja na simu yako, hukuzipakua: kamera na kinasa sauti. Mpe Rayyan kamera, mwambie akuletee picha tatu za vitu vya duara. Mtoto mmoja niliyempa kazi hiyo alirudi na sufuria, tairi la bajaji, na kitumbua kilichoumwa upande. Tukabishana vizuri sana kama kitumbua kile bado ni cha duara. Siku nyingine mwambie ajirekodi akisimulia kuku alivyomkimbiza, kisha msikilize pamoja. Atacheka, halafu atasema "hapana, haikuwa hivyo," na ataomba kurudia. Mtoto anayerudia hadithi yake ili aitengeneze anafanya kazi ambayo wanafunzi wangu wa ualimu huniomba niwasamehe.

Kuhusu usalama niseme upesi. Weka namba ya siri kwa kila ununuzi kwenye duka la programu, hasa kama umeunganisha kadi au pesa ya simu. Jifunze kubandika programu: Android nyingi zina kipengele hicho kwenye mipangilio ya usalama, kinamfungia mtoto kwenye programu moja, na ukikiagiza hivyo, kutoka kunahitaji namba yako ya siri. Programu ya mafumbo ikikuomba mahali ulipo au orodha ya namba zako, ikatalie. Ikigoma kufanya kazi, umeshajua biashara yake ni nini. Jina kamili la mtoto, picha yake na tarehe ya kuzaliwa usizijaze popote. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na sisi tangu 2022, lakini sheria haitakuwa jikoni kwako saa hiyo.

Kilio sasa. Rayyan halii kwa sababu ameharibika. Programu zake nyingi hazina mwisho: puto likipasuka linakuja lingine, nyota zikijaa kikapu kinaletwa kikapu kipya. Unapomkatiza, kwake ni kama kunyang'anywa tonge lililofika mdomoni. Ndiyo maana katika ukaguzi wa usiku nataka uangalie kama mchezo una mahali pa kuishia, fumbo likikamilika likakaa kimya. Kisha kubaliana naye kwa idadi, siyo kwa dakika asizozijua: "mafumbo mawili, halafu wewe mwenyewe unazima." Akizima yeye, mara nyingi kilio hupungua nusu. Chagua wakati mmoja wa siku, tuseme baada ya swala ya alasiri, dakika 20 tu. Ile saa moja ya mwongozo ni dari, si deni la kulipwa. Usimpe simu ili ale, wala akiwa anakaribia kulala, na hizo mbili ndizo zitakazokushinda kwanza, nakuambia mapema usije ukajilaumu. Na baada ya simu kuwe na kitu kinachomngoja, kumwagilia mchicha au kwenda dukani. Siku tatu nne za mwanzo atalia. Akiwa katikati ya kilio usimrudishie, hata jirani akichungulia. Mwambie karibu ndani, tunafundishana.

Kuhusu mdogo kuidai simu: anadai anachokiona mikononi mwa kaka yake, na mwetu. Dakika 20 za Rayyan ziwe wakati mdogo amelala au yuko mgongoni kwa mtu mwingine.

Zile utakazozifuta, zifute Rayyan akiwa amelala. Akiuliza yule paka wa zambarau yuko wapi, mwambie ukweli kwamba umemtoa, usimsingizie kasafiri, kwa sababu kila jioni atauliza anarudi lini.

Na vikombe je? Usimwambie tena avihesabu. Chai ikiiva, mwambie alete vikombe vya kuwatosha watu waliopo. Akileta pungufu, atakayekosa atasema.